Picha za anga hazijaghushiwa: nasema haya kama mpima ardhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Barua yangu ni ndefu kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa mistari kumi. Ukilazimika kuipunguza, naomba sana usiiguse sehemu ya bikoni namba 7, yaani ile alama ya upimaji iliyochimbiwa ardhini.

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Iringa aliandika hapa kwamba picha ya shimo jeusi (kitu cha angani chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki) iliyotangazwa mwaka 2019, na picha nyingi zinazotokana na darubini za redio, yaani dishi zinazopokea mawimbi ya redio kutoka angani, zimepikwa kwenye kompyuta. Hoja yake ni kwamba wataalamu hutengeneza picha, wakaitumia picha hiyo kusahihisha vipimo vilivyoizaa, wakatengeneza ya pili, wakasahihisha tena, na kuendelea hivyo hadi wapate wanachokitaka. Alisema ni sawa na mtuhumiwa kujiandikia hukumu. Nimeisoma barua ile mara tatu. Ni swali la mtu anayefikiri, na jambo analolisema ni kweli linafanyika. Kwa Kiswahili changu ningeiita kazi hiyo kujirekebisha. Mimi nimefanya kazi ya ukoo huo huo kwa miaka 34, ardhini na siyo angani, na kuna siku niliifanya vibaya mtu akaumia. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ni mpima ardhi mstaafu, naishi Uyole hapa Mbeya. Nilianza kazi mwaka 1981 nikibeba stafu, ile fimbo ndefu yenye namba za kusomea, na cheni, nikamaliza nikisaini ramani. Anayetaka kuielewa shida ya darubini za redio aende Bonde la Usangu mwezi wa kumi, saa saba mchana, kijana amsimamishie stafu mita 80 mbele, kisha aitazame kupitia lenzi ya chombo. Namba hazitulii. Alama nyekundu na nyeusi zinacheza kama ziko chini ya maji ya kijito. Unasoma 1.432, unapepesa jicho, unaona 1.438. Stafu haijasogea, kijana hajatikisika. Ni hewa iliyo katikati yenu, ile inayopanda kutoka kwenye udongo uliopigwa na jua. Sisi tulikuwa tunafunika chombo, tunakaa chini ya mti hadi saa kumi.

Wanaastronomia hawana mti wa kusubiria. Mvuke wa maji uko hewani juu ya dishi zao saa zote, na juu zaidi kuna tabaka la ioni ambalo nalo huyachelewesha mawimbi ya redio, hapa kwa kiasi hiki na pale kwa kiasi kingine. Chukua MeerKAT, darubini ya redio iliyozinduliwa mwaka 2018 kwenye nyika kavu ya Karoo, Afrika Kusini. Ni dishi 64, kila moja ina kipenyo cha mita 13.5, na zile zilizo mbali zaidi zimeachana kilomita 8. Mawimbi yanayotolewa na hidrojeni ya angani yana urefu wa sentimita 21. Wimbi hilo likicheleweshwa sentimita moja tu juu ya dishi moja, usomaji wa dishi hiyo unakwenda kombo kwa digrii 17 kati ya 360. Hapo sijagusa nyaya na mitambo ya kukuza mawimbi, ambayo nayo kila dishi ina yake na tabia zake.

Sasa picha inatoka wapi? Dishi hazipigi picha kama simu inavyopiga. Zinachukuliwa mbili mbili, na kila jozi inalinganisha: wimbi limefika kwako likiwa limepanda kiasi gani, na kwangu likiwa limepanda kiasi gani. Kiasi hicho cha kupanda na kushuka kwa wimbi kinaitwa awamu. Tofauti ya awamu kati ya dishi mbili inasema chanzo kiko upande gani na kina umbo gani. Martin Ryle wa Cambridge, Uingereza, ndiye aliyekuwa mbele katika njia ya kuziunganisha jozi kama hizo zifanye kazi ya dishi moja kubwa, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1974. Dishi 64 zinatoa jozi 2,016.

Naomba msomaji ashike jambo moja hapa, kwa kuwa yote yanayofuata yanasimama juu yake. Hewa iliyo juu ya dishi moja inaharibu jozi zote 63 ambazo dishi hiyo imo, na inaziharibu kwa kiasi kile kile. Kosa ni la dishi. Siyo la jozi.

Nitoe mfano wa mabasi, maana nimeutumia kwa wajukuu ukaeleweka. Basi linatoka Mbeya kwenda Njombe kupitia Makambako, linatoka Njombe kwenda Makete, kisha linarudi Mbeya kwa njia ya Kitulo na Isyonje. Kila stendi ina saa ya ukutani, na karani wa kila stendi anaandika muda wa kufika na wa kuondoka kwa kuitazama saa yake. Hakuna anayejua saa ipi ni sahihi. Tuseme mwendo wenyewe ni saa 4, kisha saa 3, kisha saa 3. Saa ya Mbeya iko mbele dakika 10, ya Njombe iko nyuma dakika 5, ya Makete iko sawa. Daftari litasema Mbeya hadi Njombe ni saa 3 na dakika 45. Siyo kweli. Njombe hadi Makete, saa 3 na dakika 5. Siyo kweli. Makete hadi Mbeya, saa 3 na dakika 10. Nayo siyo kweli. Jumlisha zote tatu: saa 10 kamili, na hiyo ni kweli tupu! Kila saa mbovu imeingia kwenye hesabu mara mbili, basi lilipofika na lilipoondoka, na mara ya pili imerudisha ilichochukua mara ya kwanza. Chukua kalamu ubadilishe makosa ya saa hizo utakavyo, jumla haitabadilika.

Hicho ndicho alichokiandika Roger Jennison wa Jodrell Bank, Uingereza, mwaka 1958. Chukua dishi tatu, zunguka pembetatu, jumlisha tofauti za awamu, na makosa ya kila dishi yanafutana. Miaka mitano kabla ya hapo, yeye na Mrinal Das Gupta, mtu wa India, walikuwa wameshaonyesha kwamba chanzo maarufu cha mawimbi kiitwacho Cygnus A ni mabonge mawili yaliyoachana, wala siyo doa moja. Niliposoma habari zake nilijisikia kama nimekutana na mtu wa ofisini kwetu. Mpima akiikosea sifuri ya theodolaiti, chombo chetu cha kupimia pembe, hapati hasara, kwa sababu pembe ni tofauti ya maelekezo mawili na kosa la sifuri limo katika yote mawili. Ndiyo maana pembe tatu zikijumlishwa tunadai digrii 180, na zisipofika tunajua kuna kitu.

Lakini niwe mkweli kwa msomaji wa Iringa. Pembetatu inayofunga vizuri haikuambii iko Mbeya au iko Iringa. Vivyo hivyo dishi za Jennison: zinatoa umbo, ila mahali penyewe angani zinapapoteza, na picha nzima inaweza kuhama bila wewe kujua. Mahali lazima papatikane kwa njia nyingine. Kwa hiyo kabla ya yote wanafanya anachofanya kila mpima, wanarudi kwenye alama inayojulikana. Kila baada ya muda dishi zote zinageuzwa kwenda kwenye chanzo chenye nguvu ambacho mahali pake panajulikana, zinasoma, kisha zinarejea kazini. Sisi tulirudi kwenye benchimaki. Shida ni kwamba kati ya kwenda na kurudi hewa imeshabadilika, na hewa iliyo upande wa ile alama siyo iliyo upande wa kazi. Kinachobaki ndicho kinachosafishwa kwa kujirekebisha.

Nimeiona kazi hiyo kwa macho yangu, mezani kwangu, Desemba iliyopita. Binti wa marehemu dada yangu anasoma Afrika Kusini, na alikuja likizo na kompyuta mpakato yenye vipimo vya MeerKAT. Jioni moja umeme ulikatika, tukawa tunatumia betri, na chumba kizima kilikuwa na mwanga wa kioo kile tu. Akanifungulia picha ya kwanza. Katikati palikuwa na doa jeupe kali, na kutoka kwenye doa hilo ilitoka miale mirefu iliyonyooka kila upande kama spoki za baiskeli, ikizungukwa na duara hafifu juu ya duara.

Nikamwambia, "Mwanangu, hii galaksi ina mikono mingi."

Akachukua kofia ya kalamu ya wino, akaifuata miale ile mmoja mmoja kwenye kioo. "Hapana, Mjomba. Hizi spoki siyo za angani, ni makosa ya dishi zetu. Kitu cha kweli ni hili doa la katikati na haya madogo matatu."

Akayazungushia mstari yale manne, na kuyafanya kuwa modeli, yaani makisio ya anga lilivyo. Njia ya kuyatoa madoa hayo moja moja na kuyaandika pembeni ilitungwa na Msweden Jan Högbom mwaka 1974. Halafu akaiuliza programu, inaitwa CASA: kama anga lingekuwa na madoa haya manne tu, kila jozi ingetakiwa kusoma nini? Imesoma nini hasa? Na ni marekebisho gani 64, moja kwa kila dishi, yatakayoyapatanisha yote kwa pamoja? Aligusa awamu peke yake, nguvu ya mawimbi akaiacha ilivyo, na akaweka marekebisho mamoja kwa kila dakika 5. Tukasubiri. Picha ya pili ilipofunguka, spoki zilikuwa zimefifia nusu yake. Akaongeza madoa machache yaliyojitokeza, akapunguza muda kuwa dakika 1, akarudia. Mara ya tatu ndipo alipogusa nguvu ya mawimbi, tena kwa muda mrefu zaidi, akisema hiyo ndiyo inayodanganya upesi. Duara zikaisha.

Kisha akaweka kofia ya kalamu kwenye pembe ya kushoto chini. Palikuwa na madoa mawili membamba yaliyokaa karibu karibu. "Haya hayakuwemo kwenye modeli yoyote niliyoweka, Mjomba. Sikuyaita. Yalikuwa yamefunikwa na spoki."

Nililitazama hilo muda mrefu. Mtu anayejiandikia hukumu haandiki jambo asilolijua.

Hata hivyo nilikuwa na swali moyoni, na sikuweza kuliuliza bila kwanza kumsimulia bikoni namba 7, habari ambayo nyumbani sikuwa nimewahi kuisema.

Mwaka 1989 nilitumwa kupima viwanja katika mji mdogo mmoja wa Usangu. Nilianzia bikoni moja ya zamani, nikapita vituo 11, nikafungia kwenye bikoni nyingine ya zamani, namba 7. Kwa hesabu nilitakiwa kuangukia juu yake. Niliangukia sentimita 64 pembeni. Ilikuwa Februari, mto umefurika, na bikoni ya tatu ambayo ingenihukumu ilikuwa ng'ambo, mwendo wa nusu siku. Ofisini wanadai ramani. Nikagawa kosa. Kuna kanuni ya Bowditch inayoligawa kosa kwenye mistari yote kwa kufuata urefu wa kila mstari, na ni kanuni halali kabisa pale kosa linapokuwa la vipimo vyako. Kila mstari ukameza kama sentimita 5, na ramani ikafunga. Mkuu wangu aliisifu kwa usafi.

Miaka miwili baadaye niliitwa kwenye shauri la mpaka. Bibi mmoja mjane, kiwanja chake kilikuwa jirani na bikoni namba 7, kule ambako masahihisho yangu yalijumlishana yakawa makubwa kuliko kote. Kwa ramani yangu, mfereji wa kumwagilia bustani yake ulikuwa umehamia kwa jirani, na jirani alikuwa ameshaufukia. Akatokea mzee mmoja aliyewahi kufanya kibarua cha barabara, akasema bikoni ile iling'olewa na tingatinga zamani, vijana wakaichimbia tena kwa kukisia. Vipimo vyangu vya mwaka 1989 vilikuwa sahihi vyote! Kibovu kilikuwa kile nilichokiamini bila kukikagua, nami nikavikunja vipimo vizuri vikubaliane nacho. Bibi yule hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si wewe uliyekuja na chombo cha miguu mitatu? Kilikuambia nini?"

Nilikaa kimya. Kilikuwa kimeniambia sentimita 64, na mimi ndiye niliyekinyamazisha. Nilikwenda kwa miguu hadi bikoni ya tatu, nikapima upya kwa siku nne, na mfereji ukarudi kwake. Msimu mzima wa mboga ulikuwa umeshampita.

Kwa hiyo swali langu kwa mpwa wangu lilikuwa hili: "Na ninyi, bikoni yenu namba 7 iko wapi? Modeli yenu ikiwa ya uongo, mnaijuaje?"

Hakukimbilia kunijibu. Alifanya jambo ambalo natamani wapima wote wangelifanya. Kwa makusudi aliweka kwenye modeli doa la uongo, lenye nguvu, mahali ambapo angani hapakuwa na kitu. Kisha akatenga dishi 5 tu kati ya 64, akajirekebisha kwa hizo. Doa la uongo likakubalika. Lilikaa pale kwenye picha linang'aa kama mwenyeji. Akarudi kwenye vipimo vile vile, doa lile lile la uongo, safari hii kwa dishi zote 64. Likafifia, mahali pake pakabaki kivuli na uchafu uliotapakaa, na programu ikawa inaonyesha kwa namba kwamba modeli na vipimo havipatani. Alipoliondoa doa hilo kwenye modeli na kurudia, hata kile kivuli kilitoweka.

Sababu yake inahesabika kwa penseli. Dishi 3 zina jozi 3. Dishi moja unaifanya sifuri, unabaki na makosa 2 usiyoyajua, na ukiyaondoa unabakiwa na jambo 1 tu ambalo hewa haiwezi kuligusa. Ni ushahidi mwembamba, kama nilivyokuwa na bikoni mbili. Dishi 64 zina jozi 2,016 dhidi ya makosa 63. Yanabaki mambo 1,953, karibu asilimia 97 ya vipimo vyote, na modeli ya uongo inapaswa kuyadanganya yote hayo kwa wakati mmoja, kila dakika, usiku kucha, huku dunia ikizunguka na kila jozi ikilitazama anga kwa mkao mpya. Ndiyo maana njia hii ilishika kasi baada ya wakina Anthony Readhead na Peter Wilkinson kuonyesha mwaka 1978 kwamba pembetatu za Jennison zinaweza kuzaa picha kamili, kompyuta zilipopata nguvu ya kubeba hesabu hizo.

Sasa nirudi kwenye picha aliyoitaja msomaji wa Iringa, maana hapo hofu yake ina uzito kuliko kwa MeerKAT. Shimo jeusi la galaksi M87 lilipimwa Aprili 2017 kwa vituo vichache vilivyotawanyika duniani. Darubini zilikuwa 8, na ile ya Ncha ya Kusini haiwezi kuiona galaksi hiyo. Jozi chache, ushahidi mwembamba. Wenyewe walilijua hilo. Waligawanyika timu 4, kila timu ikatengeneza picha yake bila kuziambia nyingine. Walizijaribu pia programu zao kwa vipimo vya kubuni ambavyo majibu yake yalijulikana, kikiwemo kisahani kilichojaa katikati, ili kuona kama programu zinalazimisha pete mahali ambapo pete haipo. Timu zote 4 zilipoonyeshana kazi, zote zilikuwa na pete. Tarehe 10 Aprili 2019 wakaitangaza. Kama mwaka 1989 ofisi yetu ingetuma wapima wanne wasiosemezana, bikoni namba 7 ingegundulika wiki ile ile.

Mhariri, nina ombi juu ya haya, na ninalitoa kwa walimu wa hisabati na fizikia wa nyanda zetu hizi kabla ya mtu mwingine yeyote. Sisi ni watu tuliokaribiwa na anga. Kimondo cha Mbozi, tani 16 hivi za chuma, kimelala pale Ndolezi na mabasi ya wanafunzi hayaishi kwenda kukishika. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likabaki pete, na Rujewa ilijaa watu kutoka kila upande wa nchi na nje ya nchi. Nilikuwepo, nimevaa miwani ya karatasi, na niliona watoto wa shule za msingi wakiruka kwa furaha. Lakini baada ya kushangilia hatuwafundishi watoto hao kukagua kipimo. Tunawapa jibu la nyuma ya kitabu, na mtoto akipata sentimita 64 pembeni anafuta kwa raba hadi afike. Wapeni saa tatu mbovu na mfano wa mabasi. Wapeni pembe tatu za uwanja wa mpira na wazijumlishe wenyewe, na zikikataa kufika 180 wasizifute, waulizwe ni nini kimezikatalia.

Na wenye mamlaka ya elimu na sayansi nao wasikie. Afrika Kusini ina nchi 8 za Afrika inazoshirikiana nazo katika mradi mkubwa wa darubini ya redio uitwao SKA, ambao dishi zake za Karoo zitafika 197, na hizi 64 za MeerKAT zikiwemo ndani yake. Zambia ni mojawapo, hapo tu ng'ambo ya Tunduma. Kenya ni mojawapo. Msumbiji ni mojawapo. Sisi hatumo kati ya hizo 8. Ghana walichukua dishi la zamani la mawasiliano ya simu kule Kuntunse, la mita 32, wakaligeuza kuwa darubini ya redio mwaka 2017. Vijana wa Zambia wanafundishwa kazi ile ile niliyoiona mezani kwangu, na wa kwetu mpaka awe na bahati ya kufika huko mwenyewe kama alivyobahatika mpwa wangu. Naumia nikilisema hili, kwa sababu ujuzi huo siyo wa nyota peke yake. Anayejua kulitenga kosa la chombo na jambo la kweli atafaa hospitalini kwenye mashine za picha, atafaa kwenye hali ya hewa, atafaa kwenye mitambo ya simu. Na ardhi bado inapimwa.

Msomaji wa Iringa nimwambie hivi kwa heshima. Mpwa wangu anarudi Desemba na kompyuta yake. Wewe panda basi, shuka Uyole pale njia panda ya Tukuyu, uliza kwa mzee mpima, bodaboda wote wanapajua. Utakaa kwenye kiti changu, utaweka doa lako la uongo popote unapotaka kwenye anga, kubwa au dogo, sisi tutatoka nje ili tusione umeliweka wapi. Kisha tutaingia, tutajirekebisha kwa dishi zote 64 mbele yako, na wewe ndiye utakayeangalia limekuwaje.

Mpima Ardhi Mstaafu,
Uyole, Mbeya.